NAD 3020 ya baba: niagize transista gani, na chini yake niweke ulanga au pedi?

BintiChumbageni:

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Nina amplifaya ya NAD 3020 mezani, iko wazi, na sitaki kuifunga tena mpaka nijue ninachofanya. Ni ya baba. Aliinunua Liverpool mwaka 1981 alipokuwa baharia kwenye meli za mizigo, akaja nayo Tanga ndani ya begi la nguo, imeviringishwa kikoi. Nimezaliwa nikaikuta sebuleni. Santuri zake za taarab za Black Star na Lucky Star hazijawahi kupigwa kwenye kitu kingine. Kwa wasioijua, ni kile kiboksi cha kijivu kilichotoka mwaka 1978, wati 20 tu kila upande, lakini kinazisukuma spika ambazo redio nyingi zenye namba kubwa zinazishindwa.

Mwezi wa pili upande wa kulia ulinyamaza ghafla na fyuzi ikakatika. Fundi akakuta transista mbili za pawa zimepiga shoti, 2N3055 na mwenzake MJ2955. Akaweka nyingine. Zikaimba wiki mbili, kisha harufu, moshi, kimya. Safari hii nimefungua mwenyewe. Nilisomea umeme wa magari, si vyombo vya sauti, ila mita na lehemu nazijua. Nilichokuta kimeniuma. Ulanga (mica) wa chini ya transista, ule wa kuzuia umeme usifike kwenye bati, umerudishwa ule ule wa zamani, mmoja una ufa, na ni mkavu kabisa, hauna hata dalili ya pesti ya kupitisha joto. Skrubu moja inazunguka kwa kidole. Transista zenyewe ukizipangusa kwa spiriti maandishi yanatoka na kitambaa.

Kuagiza nje kwangu ni ghali, na ghali yenyewe ni usafiri kuliko vifaa. Kwa hiyo nataka kuagiza mara moja, nipatie.

Naomba kujua: nirudi kwenye 2N3055 na MJ2955 au niweke zenye nguvu zaidi? Nibadilishe zote nne au mbili za kulia tu? Kapasita zote zina miaka arobaini na kitu, nazo ziondoke? Na kubwa zaidi ni hili la joto. Nimeshanunua pedi laini za bluu kwenye duka la kompyuta, unene milimita 1, zimeandikwa 6 W/mK, yaani uwezo wa kupitisha joto. Muuzaji amenihakikishia kwamba hizi ndizo za kisasa na ulanga umepitwa na wakati. Ni kweli?

Baba ana miaka 79. Haniulizi kitu, ila kila jioni anakaa kwenye kiti kile kile kilicho mbele ya spika.

FundiKisauni:

Marahaba mwanangu. Mpe mzee salamu zangu.

Naanza na joto, kwa sababu umeuliza mwisho lakini ndilo lililoua zile transista. Hizo pedi za bluu ziweke kando. Si mbovu, kazi yake ni nyingine. Zimetengenezwa kuziba pengo, pale ambapo chipu na bati haviwezi kugusana. Transista yako na hitisinki, lile bati la kupozea, havina pengo. Vyote ni bapa na vina skrubu mbili za kuvibana.

Ile 6 uliyoiona kwenye pakiti isikutishe. Chukua unene kwa milimita, ugawe kwa namba ile. Pedi yako ni 1 kugawa kwa 6, unapata 0.17. Ulanga uwezo wake ni mdogo sana, tuseme 0.5, lakini unene wake ni 0.05 ya milimita. Gawa: 0.10. Namba ndogo ndiyo njia fupi ya joto. Ulanga wenye uwezo wa chini mara kumi na mbili bado unaishinda pedi yako, na hapo tumeiamini ile 6. Pedi nyingi za bei nafuu hazifiki hata nusu ya zilichoandikiwa.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji wa kompyuta hawana sababu ya kulijua. Transista hizi za chuma zenye umbo la jicho, mwili wake wenyewe ndio kolekta, moja ya njia zake tatu za umeme. Umeme wa kolekta unaingia kupitia zile skrubu. Ukiweka kitu laini chini yake, leo umekaza, kesho pedi imebonyea na skrubu imelegea. Joto linapotea na umeme nao unaanza kugusa na kuachia. Hiyo skrubu uliyoikuta inazunguka kwa kidole inaweza kuwa ilifanya uharibifu wote huo wa aina mbili peke yake.

Ulanga haujapitwa na wakati. Ni jiwe, watu wa Morogoro wanaujua kutoka milima ya Uluguru, na jiwe halizeeki kwa joto la amplifaya. Linalozeeka ni pesti. Ile nyeupe ya zamani hukauka ikawa chaki, na ukiung'oa ulanga kwenye chaki unapasuka au unaachana matabaka. Ndiyo maana ukifungua transista, ulanga wa zamani unautupa. Mpya haufiki bei ya soda.

Ulanga wenye pesti nzuri huongeza kama nusu digrii kwa kila wati inayopita. Mkavu huongeza zaidi ya digrii moja. Ikiwa transista inachoma wati 15, mmoja unakupa digrii 7 hivi na mwingine unakaribia 20. Ongeza na 2N3055 yenyewe ndani, ambayo karatasi yake ya kiwandani inasema digrii 1.52 kwa wati, halafu ongeza joto la Tanga mwezi wa pili. Utaona kwa nini wiki mbili zilitosha.

Namna ninavyofanya mimi: nafuta pesti kuukuu kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi. Napitisha ncha ya kidole pembeni mwa kila tundu la hitisinki. Kikikwaruza hata kidogo, nazungusha ncha ya drili kubwa kwa mkono, si kwa mashine, mpaka kile kinundu kiondoke, maana ndicho kinachotoboa ulanga ukishabanwa. Napaka pesti pande zote mbili, nyembamba kiasi kwamba rangi ya chuma bado inaonekana chini yake. Pesti nyingi ni kosa sawa na kutoweka. Vile vikofia vya nailoni vya skrubu naweka vipya. Nakaza kidogo kulia, kidogo kushoto, nikirudia, transista isije ikakaa upande. Halafu kabla ya kitu kingine chochote, mita kati ya mwili wa transista na hitisinki. Isionyeshe muunganiko wowote, iwe wazi kabisa.

Ikishapata moto mara ya kwanza na kupoa, kamata bisibisi tena. Utakuta skrubu zimekubali robo ya mzunguko.

Kapasita_Nairobi:

Dada, mzee amemaliza ya joto, mimi niseme ya kununua, kwa sababu nimeliwa pesa hapo.

Miaka michache iliyopita nilinunua transista nane za MJ15003 pale Luthuli Avenue kwa bei iliyokuwa tamu sana. Mbili zikafa nikiwa bado na balbu ya majaribio. Nikachukua msumeno wa chuma, nikakata kofia ya moja, na kando yake nikakata ya kweli iliyokufa zamani. Kipande cha silikoni ndani ya ile ya kweli kilikuwa kikubwa karibu kama punje ya mahindi. Ndani ya feki kilikuwa kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nje zilifanana. Transista ya wati 250 haiwezi kuishi ndani ya kichwa cha kiberiti. Maandishi yanayotoka kwa spiriti, kama yako, ni dalili ya kwanza, lakini siku hizi kuna feki zilizoandikwa kwa leza, kwa hivyo maandishi yakikataa kutoka bado si ushahidi.

Kwa hivyo nunua kwa wasambazaji wakubwa wanaopokea moja kwa moja kiwandani: Mouser, DigiKey, Farnell, RS. Kama una ndugu Uingereza au Ghuba anayekuja likizo, transista nne na ulanga wake ni mzigo wa mfuko wa shati.

Aina gani? 2N3055 na MJ2955 halisi zinatosha kabisa. NAD walizichagua na amplifaya imeishi miaka arobaini. Lakini kama unalipia usafiri ule ule, mimi ningechukua MJ15003 na MJ15004. Umbo ni lile lile, matundu ni yale yale. 2N3055 inabeba volti 60 na wati 115, MJ15003 inabeba 140 na 250. Linalonivutia zaidi ni kwamba digrii zake za ndani ni 0.70 kwa wati badala ya 1.52, kwa hivyo silikoni inapoa haraka kwenye hitisinki ile ile. Na kasi yake haijaruka: karatasi ya 2N3055 inaahidi angalau megahezi 2.5, ya MJ15003 angalau 2. Saketi haitashtuka.

Usishawishike na 2SC5200 na 2SA1943 kwa sababu kila fundi anazo. Ni transista nzuri sana mahali pake, lakini ni bapa za plastiki, hazikai kwenye matundu yako, na kasi yake ni megahezi 30. Saketi iliyopangwa kwa transista nzito za zamani inaweza kuanza kutetemeka kwa masafa ambayo sikio halisikii, huku hitisinki inachemka na huelewi kwa nini.

Usisahau kupima draiva, zile transista ndogo zinazoziendesha za pawa, na zile risista za emita za upande wa kulia. Transista ya pawa ikipiga shoti mara nyingi haifi peke yake. Fundi aliyeweka mpya mbele ya draiva iliyojeruhiwa ameziua kabla hazijaanza.

Kwenye ulanga naomba nitofautiane na mzee kwa heshima. Mimi natumia pedi nyembamba za poliimidi zenye nta inayoyeyuka ikipata moto mara ya kwanza. Hazina pesti, hazikauki, na fundi atakayefungua baada ya miaka ishirini hatakuta chaki.

FundiKisauni:

Hizo za poliimidi nazikubali, nimezitumia. Ni nyembamba na ngumu, si kama zile za bluu. Nilichokiona ni kwamba zinataka hitisinki iliyo bapa kweli. Kwa hizi za zamani ambazo alumini imekunjwa na kutobolewa kiwandani haraka haraka, pesti inajaza yale mabonde madogo vizuri zaidi. Binti ana hitisinki ya mwaka 1981, apake pesti.

Na asije akaletewa zile nyeusi za grafiti zinazouzwa kwa kompyuta. Zinapitisha joto vizuri mno, na zinapitisha umeme pia. Akiweka hizo, kolekta zote zimeungana na bati siku hiyo hiyo.

Msafiri_Moro:

Samahani naingilia. Nina amplifaya nyingine ya zamani, haina jina, ilitoka kwenye kituo cha mawasiliano kilichofungwa. Chini ya transista hakuna ulanga, kuna vipande vyeupe vigumu kama kigae. Kimoja kimevunjika pembeni, nilitaka nikisugue kwa msasa kiwe sawa.

FundiKisauni:

Usikisugue! Vipande vyeupe vya aina hiyo mara nyingi ni alumina, haina shida. Lakini baadhi ya vifaa vya zamani, hasa vya mawasiliano, vilitumia berilia, kigae cha madini ya beriliamu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kikiwa kizima hakidhuru. Vumbi lake likiingia mapafuni linaleta ugonjwa usiopona. Usikate, usisugue, usitoboe. Kile kilichovunjika kiweke kwenye mfuko wa nailoni ukifunge, watoto wasikiguse, uliza watu wa taka za sumu kwenye halmashauri yenu. Weka ulanga mahali pake.

BintiChumbageni:

Asanteni sana. Ile hesabu ya kugawa unene nimeiandika kwenye daftari. Nimeagiza MJ15003 na MJ15004, mbili mbili, pamoja na ulanga, vikofia na bomba dogo la pesti. Binamu yangu anakuja kutoka Uingereza mwisho wa mwezi.

Draiva moja ya kulia nimeikuta imevuja, na risista moja ya emita imefunguka kabisa. Mngeniambia nibadilishe transista tu, ningeziua tena.

Bado kapasita, na ule upande wa kushoto unaoimba vizuri.

Kapasita_Nairobi:

Kapasita usizing'oe zote siku moja. Ukikosea kwenye moja kati ya thelathini hutajua ni ipi. Fanya upande mmoja, washa, sikiliza, ndipo ufanye wa pili. Piga picha kabla ya kila moja, alama ya hasi ionekane.

Soma thamani kwenye kopo lenyewe, weka mikrofaradi zile zile, volti zile zile au ngazi moja juu, na uchukue za digrii 105 badala ya 85. Zile kubwa za sapulai, pima upana na nafasi ya miguu kwa rula kabla ya kuagiza, maana za leo ni ndogo na zinaweza kuning'inia kwa miguu. Usiongeze ukubwa mara mbili ukidhani besi itakuwa nzito. Kila ukiwasha, daraja la diodi ndilo linalobeba ule mshtuko wa kuzijaza. Kama chini yake kuna gundi ya kahawia iliyokauka, ikwangue yote. Gundi ile ikizeeka inakula miguu ya vifaa na inaanza kupitisha umeme.

Kushoto ningeweka mpya pia. Pande mbili ziwe na transista za aina moja.

FundiKisauni:

Mimi kinachoimba sikifungui bila sababu. Transista asili za kiwandani zilizodumu tangu 1981 zimeshathibitisha ni za kweli, na hicho ni cheti ambacho pakiti mpya haina. Zile mbili za ziada ziweke kwenye droo. Lakini angalau legeza moja, tazama pesti yake ikoje.

Siku ya kuwasha, unganisha balbu ya waya ya wati 60 au 100 mfululizo kwenye njia ya umeme, ile ya zamani inayotoa mwanga wa njano. Za LED hazifai kwa kazi hii. Iwake mara moja kisha ififie. Ikibaki inang'aa, zima, kuna shoti. Bila spika kwanza. Pima volti za moja kwa moja pale spika inapofungwa, ziwe milivolti chache, zikizidi sana ziwe makumi machache. Kabla ya kuwasha, kile kipotenshometa kidogo cha bayasi (umeme mdogo unaopita kwenye transista hata bila muziki) kizungushe mara nyingi kwenda na kurudi, au ukibadilishe kabisa. Kikipoteza mguso, bayasi inaweza kupanda yote na transista mpya zikaenda. Anza na bayasi ya chini, panda polepole. Unasoma milivolti juu ya risista ya emita, unagawa kwa ohm zake: milivolti 5.5 juu ya 0.22 ni miliampia 25. Ngapi iwe kwenye yako, kitabu cha huduma cha NAD kinasema, kifuate hicho, si mimi wala mtu mwingine. Isome tena ikishapata moto nusu saa.

Na zile pini mbili za chuma zilizopinda nyuma, zinazounganisha prii (hatua ya kwanza ya sauti) na pawa, zing'arishe. Zikishika kutu upande mmoja unapotea na watu wanafungua amplifaya nzima bure.

BintiChumbageni:

Nimerudi baada ya wiki tano.

Binamu alifika, vitu vikafika. Hitisinki ilikuwa na kinundu kwenye tundu moja, pale pale ulanga wa zamani ulipokuwa na ufa. Sikukiona kwa macho, kidole ndicho kilichokipata. Nimekiondoa kama mzee alivyosema. Mita kati ya mwili na hitisinki: wazi, transista zote mbili.

Balbu iliwaka, ikafifia. Nilikaa naitazama dakika kumi mikono iko mgongoni. Kwenye spika nasoma milivolti 11 kulia, 14 kushoto. Bayasi nimeiweka ya kitabu, baada ya nusu saa ikawa imepanda kidogo, nikairudisha. Skrubu zilikubali karibu robo ya mzunguko baada ya kupoa.

Jambo moja nimejifunza ambalo labda litamsaidia mwingine. Nina kipima joto cha kuelekeza, cha kazini, na kiliniambia transista ina digrii 31 wakati kidole hakikai juu yake. Chuma kinachong'aa kinakidanganya. Nilibandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme juu ya kofia, nikapima hapo: digrii 52 baada ya saa nzima ya muziki, hitisinki kando yake 47. Kabla ya hapo nilikuwa karibu kuamini 31.

Baba alikuja mwenyewe na santuri mkononi kabla sijarudisha kifuniko. Alisikiliza upande mzima wa kwanza. Kisha akaniambia kulia kumezidi kushoto kidogo kwa nguvu, na akawa sahihi, nilipima nikakuta kweli.

Basi leo nimelegeza transista moja ya kushoto, ile isiyo na shida. Pesti ilikuwa chaki tupu, imeanguka mezani kama unga, na ulanga umeachana matabaka mawili mkononi mwangu. Zile mbili za kwenye droo zinaingia kesho asubuhi, kabla hakujapata joto.